Jaji Anapoomba Kura, Mshtakiwa Ndiye Anayelipa

Machi 2008, wiki chache kabla ya uchaguzi wa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin nchini Marekani, tangazo la nusu dakika lilianza kurushwa kwenye televisheni. Kwenye kioo zinaonekana sura mbili zimewekwa bega kwa bega. Ya kwanza ni ya Louis Butler, jaji aliyekuwa kazini wakati huo, Mmarekani mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo. Ya pili ni ya mwanamume mwingine mweusi, aliyetiwa hatiani kwa kumbaka mtoto wa miaka 11. Sauti inasema Butler alifanya kazi ya kuwarudisha wahalifu mitaani, kwamba alimtafutia mtu huyu mwanya wa kisheria, na kwamba baadaye mtu huyo alimnajisi mtoto mwingine. Kisha mtazamaji anaulizwa kama familia za Wisconsin ziko salama.

Tangazo halikusema kwamba Butler hakuwa jaji katika kesi hiyo. Alikuwa wakili anayelipwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo, na rufaa ya mtu yule iliangukia mezani kwake. Alionyesha kwamba mahakama ya mwanzo ilikosea katika suala la ushahidi. Mahakama ya Juu ikakubali kuwa kosa lilikuwepo, lakini ikasema halikubadilisha chochote katika hukumu. Mtu yule akabaki gerezani, akatoka miaka kadhaa baadaye kwa parole, na hapo ndipo akatenda uovu wa pili. Hakupata hata siku moja ya uhuru kwa juhudi za Butler.

Tangazo hilo halikutoka kwa kikundi cha pembeni kisichojulikana. Lilitoka kwenye kampeni ya mpinzani wake, Michael Gableman, ambaye naye alikuwa jaji. Gableman alishinda kwa asilimia 51 hivi ya kura, na Butler akawa jaji wa kwanza wa mahakama hiyo kuangushwa akiwa kazini tangu 1967. Tume inayosimamia maadili ya majaji ilimfungulia Gableman shauri, likafika mbele ya majaji wenzake sita mwaka 2010. Watatu walisema amekiuka maadili, watatu wakasema hapana, na shauri likafia hapo. Hoja ya wale waliomtetea inastahili kusomwa polepole: kila sentensi ya tangazo, ukiichukua peke yake, ni kweli. Butler aliwahi kumtetea mtu yule, kweli. Mtu yule alirudia kosa, kweli. Uongo ulikaa katikati ya sentensi, mahali ambapo mtazamaji anaunganisha mwenyewe, na sheria haikuwa na mkono wa kufika huko.

Naanza na tangazo hilo kwa sababu linaonyesha kitu ambacho mijadala mingi kuhusu uchaguzi wa majaji hukipita kando. Tumezoea kuuliza kama mgombea aliahidi jambo ambalo jaji hapaswi kuliahidi, au kama alimchafua mwenzake. Maswali hayo ni ya haki. Lakini anayeumizwa zaidi na matangazo haya hata si mgombea aliyeshindwa. Ni mshtakiwa ambaye kesi yake bado haijaitwa. Tangazo la jaji humfundisha mpiga kura kwamba kumtetea mtu ni aibu, na kwamba jaji anayeifuata sheria pale inapomnufaisha mshtakiwa amewasaliti watoto wetu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, jambo lenyewe linaweza kuonekana geni. Kwetu majaji huteuliwa. Marekani, majaji wa mahakama za shirikisho, pamoja na wale tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi kule Washington, nao huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti. Ila mashauri mengi ya watu wa kawaida, kuanzia wizi na mauaji mpaka talaka na madai ya ajali, huishia katika mahakama za majimbo, na majimbo 38 hutumia kura ya namna fulani kuwapata au kuwabakiza majaji wa mahakama zao za juu. Kwingine wagombea hupambana, na mara nyingine jina la chama huwa limeandikwa kwenye karatasi. Kwingine jaji hukaa kwanza kwa uteuzi, kisha wananchi huulizwa kama abaki au aondoke. Mississippi ilianza kuwachagua majaji wake wote mwaka 1832, na nia haikuwa mbaya: watu walichoka kuona magavana na mabunge wakigawiana nafasi za mahakama.

Mgombea ujaji akitaka kujipamba mwenyewe, bila kumshambulia mtu, picha ni zilezile jimbo baada ya jimbo. Joho jeusi. Nyundo. Mke au mume na watoto wakitembea shambani. Halafu masherifu wamejipanga nyuma yake na sare zao, wakisema huyu ni wetu. Kama aliwahi kuwa mwendesha mashtaka, idadi ya wahalifu aliowafunga itatajwa kwa fahari. Kama aliwahi kuwa wakili wa utetezi, kipindi hicho cha maisha yake hakitaonekana, labda mpinzani aamue kukionyesha. Hilo la masherifu limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba watu hawalioni tena. Sherifu ni mkuu wa polisi wa wilaya. Vijana wake ndio watakaopanda kizimbani kutoa ushahidi, na jaji ndiye atakayepima kama wanasema kweli, kama walimpekua mtu kihalali, kama ungamo lilipatikana bila kipigo. Mshtakiwa anayemwona jaji wake kwenye runinga akipigwa bega na bosi wa mashahidi wa upande wa pili ana kila sababu ya kujiuliza amefika wapi.

Mwaka 2012 huko Michigan, profesa wa sheria Bridget Mary McCormack aligombea Mahakama ya Juu ya jimbo. Aliwahi kukubali kujitolea kuwawakilisha watu waliokuwa wamezuiliwa Guantanamo, gereza la Marekani la washukiwa wa ugaidi, jambo ambalo mawakili wengi wa heshima wa Marekani walilifanya. Siku za mwisho za kampeni likatoka tangazo la mama aliyefiwa na mwanawe vitani Afghanistan. Mama anaitazama kamera, anasema mwanawe alikuwa shujaa, na McCormack alijitolea kusaidia kumwachia gaidi. Hakuna anayeweza kubishana na machozi ya mama aliyezika mwanawe. Waliolipia tangazo walilijua hilo. McCormack alishinda, na baadaye akawa jaji mkuu wa jimbo, lakini nadhani kushinda kwake hakuondoi ubaya wa somo lililotolewa: wakili kijana aliyekuwa anatazama, mwenye ndoto ya kuketi kwenye benchi siku moja, alielewa ni wateja gani asiwaguse.

Sasa tuje kwenye fedha, maana mkono mtupu haulambwi na dakika za televisheni hazitolewi bure.

West Virginia, 2002. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, linaiamuru kampuni ya makaa ya mawe ya Massey kumlipa Hugh Caperton na kampuni zake fidia ya dola milioni 50 kwa kuwaharibia biashara. Massey inajiandaa kukata rufaa. Bosi wake, Don Blankenship, anajua rufaa hiyo itafika Mahakama ya Juu ya jimbo, na anajua kuwa mwaka 2004 jaji mmoja wa mahakama hiyo, Warren McGraw, anarudi kwa wapiga kura. Blankenship akatoa kiasi cha dola milioni 3 kumwangusha McGraw na kumwingiza wakili asiyekuwa na umaarufu mkubwa, Brent Benjamin. Sehemu kubwa ya fedha ilipitia kikundi kilichojipa jina la kupigania watoto.

Matangazo hayo hayakutaja makaa ya mawe. Hayakutaja mikataba, wala Caperton, wala milioni 50. Yalizungumzia kijana aliyetiwa hatiani kwa kosa la ngono dhidi ya mtoto, ambaye mahakama, kwa kura tatu dhidi ya mbili, iliruhusu awekwe chini ya uangalizi badala ya kifungo. McGraw alikuwa mmoja wa wale watatu. Watu wa West Virginia waliambiwa kwamba jaji huyu anamwachia mbakaji wa watoto akafanye kazi shuleni. Benjamin alishinda. Novemba 2007, kwa kura tatu dhidi ya mbili, mahakama ikafuta fidia ya Caperton, na Benjamin alikuwa mmoja wa wale watatu. Aliombwa ajiondoe katika kesi, akakataa. Kesi ya nyani ilikuwa imefika kwa ngedere. Juni 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema Katiba ilimtaka ajiondoe. Kesi ikarudishwa West Virginia, ikasikilizwa bila yeye, na Massey ikashinda tena.

Watu wengi wanaikumbuka kesi ya Caperton kama hadithi ya tajiri aliyejinunulia jaji. Mimi naona sehemu yake ya kutisha zaidi ni ile ya matangazo. Tajiri alikuwa na shauri la biashara. Wapiga kura hawajali mashauri ya biashara, na hawawezi kukasirishwa na mkataba uliovunjwa kati ya kampuni mbili. Wanakasirishwa na mtoto aliyeumizwa. Kwa hiyo uchungu wa mtoto ukakodishwa kama gari la kubebea mzigo usiohusiana naye kabisa.

Mwaka huohuo wa 2004, kusini mwa Illinois, Lloyd Karmeier na Gordon Maag waliwania kiti kimoja cha Mahakama ya Juu ya jimbo, na kampeni zao zikala zaidi ya dola milioni 9. Upande mmoja fedha zilitoka zaidi kwa wafanyabiashara na wenye bima, upande wa pili kwa mawakili wa madai na vyama vya wafanyakazi. Walichokuwa wakigombania ni nani atalipa nini katika kesi za fidia. Mahakama ilikuwa na rufaa ya kampuni ya bima ya State Farm iliyoamriwa kulipa zaidi ya dola bilioni 1. Ila ukiwasha runinga uliona wahalifu wa kutisha, kila mgombea akimtuhumu mwenzake kuwapa adhabu nyepesi. Karmeier mwenyewe, usiku aliposhinda, alisema kiasi cha fedha kilichotumika ni cha kuchukiza kwa kiti cha jaji. Mwaka uliofuata alipiga kura na wenzake kufuta hukumu dhidi ya State Farm. Mwaka 2018 kampuni hiyo, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 250 kumaliza shauri lililodai kwamba ilikuwa na mkono katika uchaguzi ule.

Miaka hii mabilionea wameingia waziwazi. Aprili 2025 Wisconsin ilifanya tena uchaguzi wa jaji mmoja, Susan Crawford dhidi ya Brad Schimel, na matumizi yakafikia kiasi cha dola milioni 100. Elon Musk na vikundi vyake walitoa zaidi ya milioni 20 kumsaidia Schimel. Musk mwenyewe alikwenda Green Bay akakabidhi hundi mbili za dola milioni moja kwa wapiga kura wawili, jukwaani, kamera zikiwaka. Januari ya mwaka huo kampuni yake ya Tesla ilikuwa imefungua kesi dhidi ya jimbo hilo, ikitaka iruhusiwe kuuza magari yake bila kupitia wafanyabiashara wa kati. Upande wa Crawford nao ulikuwa na matajiri wake, akiwemo George Soros. Na matangazo yalisemaje? Crawford alishambuliwa kwa kumpa mtu aliyemnajisi mtoto kifungo kifupi kuliko kilichoombwa na waendesha mashtaka. Schimel alishambuliwa kwa kuchelewesha upimaji wa maelfu ya sampuli za ushahidi wa ubakaji alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Crawford alishinda kwa tofauti ya asilimia 10 hivi, na wengi walishangilia kwamba tajiri mkubwa kuliko wote duniani ameshindwa kununua kiti. Nami nilifurahi. Lakini mbinu ya matangazo ilikuwa moja pande zote mbili, na jaji wa kesi za jinai popote Wisconsin aliyekuwa akitazama alipata ujumbe uleule: mwaka mmoja ulioupunguza leo utakurudia kwa rangi nyekundu na muziki wa kutisha.

Kwamba ujumbe huo unafika si jambo la kubahatisha. Watafiti Gregory Huber na Sanford Gordon walichambua hukumu za majaji wa Pennsylvania na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Waligundua kwamba kadiri siku ya kura ya kumbakiza jaji inavyokaribia, vifungo anavyotoa vinarefuka. Katika kesi walizozichunguza, walikadiria miaka zaidi ya 1,800 ya kifungo ambayo isingetolewa kama si shinikizo la kura. Iache idadi hiyo ibaki mezani kidogo. Watu wawili wana kosa moja, historia moja, jaji mmoja. Mmoja kahukumiwa mwaka wa kwanza wa muhula wa jaji, mwingine mwaka wa mwisho. Tofauti yao ni kalenda. Alabama walikwenda mbali zaidi: mpaka 2017 jaji aliyechaguliwa kwa kura aliweza kuupuuza uamuzi wa baraza la wazee lililopendekeza kifungo cha maisha, akatoa hukumu ya kifo. Mawakili wa haki za binadamu wa jimbo hilo walionyesha kwamba jambo hilo lilizidi kwenye miaka ya uchaguzi.

Wapo wanaojibu kwamba wananchi wana haki ya kumjua wanayemchagua, na kwamba kumnyamazisha mgombea ni kuwaletea watu mfuko uliofungwa. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali mwaka 2002 katika shauri la chama cha Republican cha Minnesota, ilipofuta kanuni iliyowakataza wagombea ujaji kutangaza misimamo yao kuhusu masuala ya kisheria yanayobishaniwa. Janet Protasiewicz, aliyegombea Wisconsin mwaka 2023, aliutumia uhuru huo kikamilifu. Alisema wazi anaamini mwanamke ana haki ya kuamua kuhusu mimba, na kwamba ramani za majimbo ya uchaguzi zimechakachuliwa. Akashinda kwa tofauti ya asilimia 11, na Desemba mwaka huo mahakama ikazifuta ramani hizo kwa kura nne dhidi ya tatu, yake ikiwemo. Wapinzani walisema amehukumu kabla ya kusikiliza. Ninawaelewa. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua, tangazo la namna hiyo ni la heshima kuliko lile la 2008, kwa sababu linataja jambo ambalo kweli mahakama italiamua, na mpiga kura anajua anachokipigia kura. Tatizo langu na hoja ya uhuru wa kusema liko kwingine. Jaji anayeshambuliwa kwa kesi iliyo bado njiani hawezi kujibu. Maadili yanamkataza kuizungumzia. Na hata kesi ikiwa imekwisha, maelezo ya kwa nini ushahidi fulani ulikataliwa yanahitaji kurasa ishirini. Mshambuliaji anahitaji picha moja.

Jaji Mkuu wa Marekani, John Roberts, aliandika mwaka 2015, katika shauri la Florida, kwamba majaji si wanasiasa hata wakifika kwenye benchi kwa njia ya sanduku la kura. Uamuzi huo ulikubali kanuni inayomzuia mgombea kuomba michango yeye binafsi. Ni jambo jema, ila kamati yake ya kampeni inaruhusiwa kuomba, na vikundi vya nje vinamwaga fedha bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Mexico ilipoamua kuwachagua majaji wote kwa kura, na kufanya uchaguzi wa kwanza Juni 2025, ilikataza wagombea kununua muda wa redio na televisheni. Sheria ile iliziba mlango mmoja, wagombea wakatokea dirishani kwa TikTok. Arístides Guerrero, msomi wa sheria, alijinadi kwa kujilinganisha na chicharrón, kitafunwa cha kukaanga, akisema yeye ameandaliwa kuliko hicho, kwa neno la Kihispania linalomaanisha chakula kilichoandaliwa na pia mtu aliyesoma. Alishinda kiti Mahakama ya Juu. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 13 tu, na karatasi zenye majina ya wagombea wa kuchagua zilionekana zikigawiwa mapema. Naona afadhali kidogo ya kichekesho cha Guerrero kuliko hofu ya Wisconsin, kwa kuwa hakuna mshtakiwa aliyepakwa tope ili yeye apande. Lakini hakuna aliyejifunza chochote kuhusu namna atakavyoamua.

Kenya ina njia nyingine ya jaji kujieleza mbele ya umma. Tangu Katiba ya 2010, wanaotaka kuwa Jaji Mkuu huhojiwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na mahojiano huonyeshwa moja kwa moja. Mwaka 2011 Willy Mutunga aliulizwa hata kuhusu kipuli sikioni mwake. Mwaka 2016 David Maraga, Msabato, aliulizwa kama angesikiliza kesi siku ya Jumamosi, akaeleza imani yake bila kupepesa. Mahojiano hayo yana kasoro zake, na maswali mengine yamekuwa ya kumdhalilisha mtu. Lakini mtahiniwa anakaa pale kwa saa kadhaa, anaulizwa kuhusu hukumu aliyoiandika, na ana nafasi ya kusema kwa nini aliamua hivyo. Hicho ndicho tangazo la sekunde 30 haliwezi kumpa jaji, wala mshtakiwa wake.

Sitegemei Wamarekani waache kuwachagua majaji wao. Mila ya karibu miaka 200 haing'olewi kwa makala. Kinachowezekana ni kanuni kali ya kujiondoa, inayosema kwamba aliyelipia matangazo ya jaji, kwa jina lake au kupitia kikundi, hatasimama mbele ya jaji huyo, na kwamba uamuzi wa kujiondoa hautafanywa na jaji mwenyewe. Wisconsin ilipata nafasi hiyo. Mwaka 2010 mahakama yake ya juu ilipitisha kwa kura nne dhidi ya tatu kanuni inayosema mchango wa kampeni peke yake si sababu ya jaji kujiondoa. Maneno ya kanuni hiyo yalitokana na mapendekezo ya vyama vya wenye viwanda na wauza nyumba. Mwaka 2017 majaji wastaafu 54 wa jimbo hilo waliandika ombi la kuibadilisha. Hawakuwa na cha kugombea tena na hawakuhitaji kura ya mtu. Walikataliwa, tano kwa mbili, na Gableman alikuwa bado kwenye benchi, mmoja wa wale watano.